Zaburi za Laana na Kiburi cha Mwombaji

Sisi tulio katika utumishi wa uchungaji huulizwa mara kwa mara: "Mchungaji, nisome Zaburi ipi ili Mungu amshughulikie adui yangu?" Anayeuliza mara nyingi ameumizwa kweli. Pengine ni mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, au mtu aliyesingiziwa kazini. Wengine hawaulizi tena. Wamekwisha kuambiwa na jirani wafungue Zaburi ya 109 usiku wa manane na kulitaja jina la mtu. Nayo ni Zaburi nzito: inaomba siku za adui ziwe chache, mkewe abaki mjane, na watoto wake wawe ombaomba.

Je, tuzifunge kurasa hizo? Kanisa Katoliki, lilipotengeneza upya Liturujia ya Vipindi mwaka 1971, liliziacha Zaburi za 58, 83 na 109. Tunaelewa sababu yake. Lakini zimo katika Biblia yetu, na kabla ya kuziacha au kuzitumia yatupasa tuulize zinamlaani nani.

Zinamlaani mwenye kiburi. Katika Zaburi ya 10 yeye ndiye asemaye moyoni kwamba hatatikisika na kwamba Mungu amesahau. Katika Zaburi ya 73 amekivaa kiburi kama mkufu shingoni. Katika Zaburi ya 58 ni watawala wanaopima udhalimu badala ya haki. Kwa mtunga Zaburi, kiburi ni mwanadamu kukikalia kiti cha Mungu. Basi hatari iko hapa: hata yule anayelaani aweza kukikalia kiti hicho hicho, naye asijue.

Historia ya Kanisa letu wenyewe inatuonya. Martin Luther alizipenda Zaburi. Alipokuwa mtawa alizisali kila siku, na kuanzia mwaka 1513 hadi 1515 alizifundisha katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Lakini mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, mwalimu huyo huyo aliandika kitabu kikali juu ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto na nyumba zao zibomolewe. Sisi Walutheri hatupendi kulitaja jambo hili, lakini kulificha nako ni kiburi. Aliyetufundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema peke yake aliichukua hukumu mkononi mwake.

Moto ule uliwaka kweli baada ya karibu miaka 400. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, wafuasi wa Hitler walichoma masinagogi kote Ujerumani. Tarehe 10 Novemba ni siku aliyozaliwa Luther, na Martin Sasse, askofu wa kanisa la Thuringia, alitoa kijitabu akifurahia kwamba masinagogi yanaungua siku hiyo. Kiongozi wa Kanisa aliyaona majivu ya nyumba za ibada, akayaita baraka.

Siku hizo hizo alikuwapo mchungaji mwingine wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer. Katika Biblia yake, kando ya Zaburi ya 74 aya ya 8, panaposemwa juu ya adui waliochoma mahali pa kukutania na Mungu katika nchi, aliandika tarehe tu: 9.11.38. Askofu aliusoma moto ule kwa macho ya wachomaji. Bonhoeffer aliusoma kwa macho ya waliochomewa.

Bonhoeffer alikuwa amekwisha kujifunza jinsi ya kuziomba Zaburi ngumu. Tangu mwaka 1935 aliongoza chuo kidogo cha wachungaji huko Finkenwalde. Tarehe 1 Julai 1937 mwenzake, mchungaji Martin Niemöller, alikamatwa. Siku kumi baadaye Bonhoeffer alihubiri, na neno alilolichagua ni Zaburi ya 58, ile inayomwomba Mungu ayavunje meno ya waovu. Hakuigeuza kuwa silaha dhidi ya Hitler. Aliuliza kama sisi, tulio wenye dhambi, tunaweza kuiomba kabisa, akajibu kwamba kwa nafsi zetu hatuwezi. Anayeweza kuiomba ni yeye asiye na dhambi, yaani Kristo. Na kisasi kilichoombwa humo kilimwangukia Kristo mwenyewe msalabani. Kabla mwaka haujaisha polisi wa siri walikifunga chuo kile, na tarehe 9 Aprili 1945 Bonhoeffer alinyongwa huko Flossenbürg.

Niemöller alitoka hai baada ya miaka minane kifungoni. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusoma Zaburi ya 109 na kutaja majina, ni yeye. Lakini mwezi Oktoba 1945, huko Stuttgart, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kanisa waliotia sahihi ungamo la hatia yao wenyewe: kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri zaidi, hawakuomba kwa uaminifu zaidi, hawakupenda kwa moto zaidi.

Hapo ndipo tunapojifunza kuziomba Zaburi hizi. Haziruhusu uovu uitwe jina jingine. Mjane aliyenyang'anywa shamba ameonewa, na kumwambia anyamaze asamehe tu, huku sisi wazee na wachungaji hatusimami naye barazani, ni dhambi yetu. Na amlilie Mungu kwa ukali wote ulio moyoni mwake. Mungu hatishwi na maneno ya walioumizwa. Lakini akishalia, aiache hukumu pale alipoiweka, kwa Bwana, wala asikae kungoja habari za msiba wa shemeji yake.

Na sote tuifuate Zaburi ya 139 hadi mwisho wake. Mtunga Zaburi huyo anaomba waovu waangamizwe, anasema anawachukia kabisa, kisha ghafula anageuka: anamwomba Mungu amchunguze yeye, aujue moyo wake, aone kama iko njia mbaya ndani yake. Mwombaji asiyefika kwenye aya hizo mbili za mwisho bado hajamaliza kuomba.