M-Pesa haikuanza vile unavyoijua

Wiki jana nilikuwa kwa mkutano wa SACCO moja inayotaka tovuti mpya. Masaa mawili tunabishana: kijani ama bluu? Picha ya mwenyekiti ikae juu ama chini? Mwishowe nikauliza, "Kuna mtu hapa amewahi kukaa kando ya mwanachama akamwona akitumia hii ya zamani?"

Kimya.

Basi nikawapa hadithi ya Thika. Wacha nikupe na wewe, juu wengi wetu tumekua tukipata M-Pesa iko tu, kama jua.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma mpya, sehemu ya pesa ikitoka kwa serikali ya Uingereza. Wazo halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa hivi: watu waliokopa kwa Faulu Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Kwa karatasi, mpango ulikuwa safi kabisa.

Lakini hawakukimbia kuizindua nchi nzima. Walichukua mawakala wanane na wateja wasiofika 500, huko Thika, Mathare na katikati ya Nairobi. Wakawapa simu, wakawafunza, halafu wakaanza kuangalia wanachofanya.

Na watu wakafanya mambo yao. Mmoja anaweka pesa kwa wakala hapa, anasafiri, anazitoa akifika, ndio asibebe noti njiani. Mwenye biashara anaweka mauzo jioni benki zikiwa zimefungwa, anazichukua asubuhi. Mwingine ananunua salio la simu na kulituma kwa jamaa ushago, wakaligeuze pesa huko. Kuna hata waliofanyiwa kazi na mtu, wakalipa kwa kumpunguzia mkopo wake.

Hakuna aliyewafundisha hayo.

Upande wa mikopo nao ukawa kichwa ngumu. Hesabu za Faulu na za simu zilikuwa kazi kuoanisha. Halafu vikundi vya wakopaji huishi kwa kukutana na kudhaminiana. Ukishalipa kwa simu, utaenda mkutano kufanya nini?

Hapa ndipo ninapowaheshimu. Ilikuwa rahisi kusema, "Wateja hawajaelewa, tuwafunze tena." Badala yake waliweka mikopo kando. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya nzima na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mengine unayajua.

Sasa jiulize: wangepeana fomu tu ya maswali, "Je, ungependa kulipa mkopo kwa simu?" si wote wangeandika ndiyo? Sisi ni watu wa adabu. Ukimpikia mgeni umuulize kama chakula ni kitamu, atasema ni kitamu. Angalia sahani yake. Kama amesukuma sukuma ugali kando, hiyo ndiyo jibu.

Ndio maana siamini mtu anayeniambia "wateja wetu wanapenda hivi" na hajawahi kuwaona wakihangaika. Wengi wetu tunaojenga vitu vya mtandao tunajengea bosi anayetulipa. Yule atakayetumia hata hatumjui sura.

Mwisho wa mkutano walinikubalia kitu kimoja: nikae foleni kwa ofisi yao. Jumatatu nikaenda na simu yangu, tovuti ya zamani ikiwa wazi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa rika la shosho yangu. Nikamwomba aniangalizie mahali pa kuona salio la mkopo wake. Alibonyeza picha ya mwenyekiti mara tatu, akidhani ndio mlango wa kuingilia. Kisha akanirudishia simu.

"Kijana wangu, mimi hupanda tu gari nikuje kuuliza hapa. Mia kuja, mia kurudi."

Kila mwezi, mia mbili, kwa swali ambalo simu yake ingejibu. Nimeandika hiyo kwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu. Rangi tutachagua baadaye.