Mwaka wa Mwisho

Nina miaka 26. Kwa kuruti wa kawaida wa KDF, hapo ndipo mwisho. Nikigonga 27 hakuna mtu atajali mbio zangu. Kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri niko njia ya Menengai, napanda mlima huku vijana wa miaka 19 wakinipita wakipiga stori.

Mwili nitauzoesha polepole. Kichwa ndicho kigumu. Mimi ni mtu wa kuuliza "kwa nini?", na jeshini amri haijibiwi hivyo.

Nikiwa juu naangalia upande wa Lanet, ambako leo maofisa wa jeshi hufunzwa. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya Uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi kambini pale. Wenzao wa Tanganyika na Uganda walikuwa wametangulia wiki hiyo hiyo. Mshahara ulikuwa mdogo, na wakubwa wao bado walikuwa Waingereza. Serikali ya Kenyatta ikategemea wanajeshi wa Uingereza kuzima maasi. Baadhi ya askari walishtakiwa, kikosi kikavunjwa.

Hao hawakukosa mazoezi. Walikuwa fiti kuliko mimi. Walikuwa na swali tu: mbona Uhuru haujafika kambini?

Nami ninalo langu: nikipewa amri nisiyoielewa, nitavumilia mpaka wapi? Usajili ukitangazwa nitaenda. Lakini nataka niwe nimelijibu kabla sijavua shati mbele ya daktari.