Mzee Leland na Vita vya Silinda

Henry Leland alikuwa mtu wa bunduki kabla ya kuwa mtu wa magari. Alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1843, akajifunza kazi katika viwanda vya silaha, ambako kipuri cha bunduki moja lazima kiingie kwenye nyingine bila kupigwa tupa. Mwaka 1902, Henry Ford alipokosana na wafadhili wake akaondoka, waliobaki walimwita Leland awathaminie mitambo waiuze. Akawashauri wasiuze, bali watengeneze magari na kuyafunga injini yake mwenyewe. Kampuni ikapewa jina la Mfaransa aliyeuanzisha mji wa Detroit: Cadillac.

Magari ya kifahari wakati huo yalikuwa hasa ya Ulaya. Fundi alikaa na tupa yake akikwangua kila chuma mpaka kikubali, na gari likiharibika, kipuri chake kilichongwa upya. Cadillac iliyouzwa zaidi ilikuwa na silinda moja tu na bei ya kawaida. Nani London angeihofia?

Wakala wake wa huko, Frederick Bennett, aliliona hilo, na mwaka 1908 akajitokeza kwenye jaribio la klabu ya kifalme ya magari. Magari matatu yalipelekwa uwanja wa Brooklands, yakafunguliwa hadi nati ya mwisho, vyuma vikachanganywa, na vingine 89 vikatolewa na kubadilishwa na vipya vya stoo. Mafundi wakaambiwa wayaunge upya kwa spana na bisibisi. Tupa hapana. Yakatoka na rangi za mchanganyiko, bodi ya huku na matairi ya kule, yakawaka, yakakimbia maili 500. Cadillac ikapewa kombe la Dewar. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa magari yenyewe hayakuwa ya kitajiri hata kidogo.

General Motors wakainunua kampuni mwaka uliofuata. Modeli za 1912 zikaja na stata ya umeme ya Charles Kettering, na adha ya hendeli ya kuwashia injini ikapungua. Hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono wa mtu mzima. Kombe la Dewar likaja tena.

Kisha ikaanza hesabu ya silinda. Mwaka 1914 Cadillac ilitoa injini ya silinda nane. Washindani wake Packard, waliokuwa wakitamba na sita, wakajibu mwaka 1915 kwa kumi na mbili. Leland aliondoka 1917 akaanzisha Lincoln ili atengeneze injini za ndege za vita, na baada ya vita akaigeuza itoe magari ya kushindana na mtoto wake mwenyewe, Cadillac. Lincoln ilifilisika, na aliyeinunua 1922, kwa dola milioni 8, ni Henry Ford. Miezi michache baadaye Leland alikuwa nje. Sidhani kama Ford alikuwa amesahau ya 1902.

Hesabu ya silinda iliendelea bila yeye. Januari 1930 Cadillac ilifika kumi na sita, miezi michache tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Takriban 4,000 zilitengenezwa kufikia 1940, nyingi zikiwa za mwaka wa kwanza. Washindani wengine waliumia: Marmon nao walitoa kumi na sita zao, wakafunga 1933. Duesenberg walifuata 1937, Pierce-Arrow 1938. Packard waliokoka kwa kuuza, kuanzia 1935, gari la chini ya dola 1,000. Cadillac haikulazimika kushuka hivyo, kwa kuwa hasara yake ilibebwa na General Motors, kampuni ileile iliyokuwa ikiuza Chevrolet.