Debe na Waya

Tarehe 20 Mei 1899, katika barabara ya Lexington jijini New York, askari aliyepanda baiskeli alimkimbiza dereva wa teksi aitwaye Jacob German mpaka akamnasa. Kosa lilikuwa mwendo kasi: maili 12 kwa saa, yaani kama kilomita 19. German alitiwa mahabusu, na wanahistoria wa magari humtaja miongoni mwa madereva wa kwanza kukamatwa Marekani kwa kosa hilo. Teksi yake haikuwa na tangi la petroli. Ilikuwa ya umeme.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ya mabishano yaliyojaa gereji na vijiweni siku hizi. Wapo wanaoapa kwamba gari la umeme ni kitu kilichozuka juzi, wapo wanaodai petroli imekwisha kazi. Pande zote mbili zinasahau kwamba shauri hili liliwahi kusikilizwa na hukumu ikatoka, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Umeme ulitangulia, ukapendwa, kisha ukaanguka. Ukiifuata habari hiyo hatua kwa hatua, utaona kwamba mengi yaliyouangusha yalikuwa nje ya gari lenyewe.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,000 na ushei. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu. Mwaka mmoja nyuma yake, mwishoni mwa Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy alipanda gari lenye umbo la kombora huko Achères, karibu na Paris, akavuka kilomita 100 kwa saa. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika kasi hiyo. Nalo lilikuwa la betri.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa mjini waliupenda umeme, itazame hendeli. Wazee wetu walioendesha malori ya zamani wanaijua vizuri. Unasimama mbele ya gari, unachomeka chuma chini ya rejeta, unainama, unavuta kwenda juu kwa nguvu zako zote. Aliyefundishwa vyema alikiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, hakukizungusha kwenye mpini, kwa sababu injini ikiwaka vibaya hurudisha chuma kinyume kwa kishindo. Walivunjika vifundo vya mikono, wengine wakavunjika mataya. Injini ikishawaka, kuna mtetemo, moshi na gia za kupigana nazo. Mwenye gari la umeme alikaa kwenye kiti, akasukuma mpini mmoja, akaondoka kimya. Clara, mke wa Henry Ford, yule yule aliyeijaza dunia magari ya petroli, mwenyewe alitembelea gari la umeme la Detroit Electric.

Basi ulemavu wa gari hili ulikuwa wapi? Twende kwenye kituo cha teksi za umeme pale Broadway, New York. Betri ya teksi moja ilikuwa na uzito unaozidi nusu tani: mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa kwenye asidi. Kuisubiri ijae umeme kungeilaza teksi kwa saa nyingi. Kwa hiyo teksi iliingizwa kituoni, betri iliyokwisha ikavutwa nje kwa mitambo, iliyojaa ikasukumwa mahali pake, na dereva akarudi barabarani baada ya dakika chache. Nakuomba uishike picha hiyo, tutairudia.

Mpango ulikuwa mzuri, lakini kampuni iliyoumiliki, Electric Vehicle Company, ilikimbilia kutawanya teksi katika miji mingi kabla haijajua kuzitunza. Barabara za mawe zilizitikisa betri usiku na mchana. Unga uliopakwa kwenye mabamba ulibanduka ukatuama chini, na betri ikafa kabla ya wakati wake. Thomas Edison alitangaza betri yake ya nikeli na chuma kuwa ndiyo dawa, ila toleo la kwanza lilivuja, akalazimika kuliondoa sokoni. Lililofanya kazi sawasawa lilipatikana 1909, na kufikia hapo Electric Vehicle Company ilikuwa imekwisha kufilisika, mwaka 1907.

Petroli nayo ilikuwa na siri yake, na aliyeionyesha mapema kuliko wote ni mwanamke. Agosti 1888, Bertha Benz alilichukua gari lililoundwa na mumewe Carl, akawapakia wanawe wawili, wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta yalipopungua, alisimama katika mji wa Wiesloch akanunua kimiminika cha kusafishia madoa, chenye jamii moja na petroli, dukani kwa mwuza dawa. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani, na safari haikukwama. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya petroli: inaingia kwenye chupa, inaingia kwenye debe, inauzika dukani, inakufuata unakokwenda. Umeme hauingii kwenye debe. Unataka waya.

Na waya uliishia mjini. Hata katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa kati ya kumi huko Marekani hayakuwa na umeme wa gridi. Mkulima aliyetaka gari la kumfikisha sokoni hakuwa na la kuchagua. Januari 1901 kisima cha Spindletop, Texas, kililipuka mafuta yakaruka angani kwa siku kadhaa kabla hakijazibwa, na mafuta yakawa mengi kupita kiasi. Oktoba 1908 Ford alitoa gari la Model T. Mwaka 1913 akaanza kuiunda kwenye mstari unaotembea, na kufikia 1915 bei yake ilikuwa chini ya dola 500. Gari zuri la umeme wakati huo liliuzwa kwa dola 2,000 na zaidi.

Kilichobaki ni hendeli. Mhandisi Charles Kettering aliiondoa kwa stata ya umeme, iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Betri ndogo na mota ndogo ziliizungusha injini badala ya mkono wa mtu. Mimi naona huu ndio ukurasa mzito kuliko yote katika historia hii: injini ya petroli ilishinda pale ilipoazima kipande cha umeme. Starehe iliyokuwa ya gari la umeme peke yake sasa ilipatikana kwenye gari la petroli.

Ushindi huo ulilipiwa. Mwaka 1921, katika maabara za General Motors alizoziongoza Kettering, Thomas Midgley aligundua kwamba injini haigongi ukiichanganya petroli na kemikali ya risasi. Madhara ya risasi kwa mwili yalijulikana hata wakati huo, na wafanyakazi walikufa viwandani mwaka 1924. Biashara iliendelea. Watoto wa vizazi vitatu, wetu wakiwamo, waliivuta risasi hiyo kandokando ya barabara. Nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Tangazo kwamba dunia nzima imemaliza lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi.

Anayeutetea umeme naye asijione msafi. Kobalti ya betri nyingi za sasa inachimbwa Kolwezi na maeneo jirani ya Kongo, ambako wachimbaji wadogo, wengi wao wasemaji wa lugha hii unayoisoma, wanashuka mashimoni bila kinga, na watoto wameonekana wakibeba na kuosha mawe hayo. Deni hilo lihesabiwe tangu leo. Lile la risasi lilichukua karibu miaka 100 kukomeshwa.

Nilikuomba uishike picha ya kituo cha Broadway. Simama leo kwenye kituo cha betri jijini Kigali. Mwendesha pikipiki anaingia, anachomoa betri iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, analipa, anaondoka, na abiria wake hata hajamaliza kupiga simu. Kilichobadilika ni uzito, kwa sababu betri ya lithiamu inabebwa na mtu mmoja, na waya, kwa sababu sasa umefika mahali ambapo pikipiki inafanya kazi. Tangu Januari 2025, Rwanda haisajili pikipiki mpya ya abiria jijini humo isipokuwa ya umeme.