Kuku Walipoingia Kwenye Daftari

Kuku wanaofugwa Afrika Mashariki wana asili ya misitu ya kusini mashariki mwa Asia, na waliufikia upwa wa Waswahili kwa njia ya bahari. Mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu na Shanga, kwenye matabaka ya udongo yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Hata majina yametunza kumbukumbu ya safari: miongoni mwa kuku wa kienyeji wa Tanzania wapo kuchi, msumbiji na bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska.

Kwa karne nyingi kuku hao hawakuwa na hesabu ya gharama, kwa sababu hakuna kilichonunuliwa. Tetea alijitafutia mchwa na mbegu uani, akaokota punje zilizomwagika kinuni, akataga mayai 12 hadi 15 na kuyatamia mwenyewe. Mwewe, kicheche na ugonjwa wa mdondo walichukua sehemu kubwa ya vifaranga, na hasara hiyo ilipokelewa kama ukame unavyopokelewa. Aliyesalia alikuwa akiba ya nyumba: alichinjwa kwa ajili ya mgeni, au aliuzwa ipatikane chumvi, mafuta ya taa, ada ya mtoto. Lakini ufugaji huo haukuwa wa bure kama ulivyodhaniwa. Mwanamke ndiye aliyefagia kibanda alfajiri na kuwafunika vifaranga kwa tenga mwewe alipozunguka juu. Kazi yake haikuwa na bei, basi haikuhesabiwa.

Serikali, za kikoloni na za uhuru, zilianza kuboresha ufugaji kwa kubadili jogoo. Kenya ilikuwa na mpango wa taifa wa kuku kuanzia 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ambapo majogoo wa mbegu za kigeni walibadilishwa na wale wa wanakijiji. Chotara waliozaliwa walikuwa wazito zaidi, ila walihitaji chakula kingi kuliko kile walichookota wenyewe, na hapo ndipo gharama ilipoanza kuonekana.

Mageuzi makubwa nchini Tanzania yalitokana na mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 bei zilipanda, bidhaa ziliadimika madukani, na mshahara wa mwalimu, nesi au karani ukawa hautoshi kumfikisha mwisho wa mwezi. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni ya kibepari au nyumba za kupangisha, na yalikuja kulegezwa kwa uamuzi uliopitishwa Zanzibar mwaka 1991. Katika mazingira hayo neno “mradi” lilipata maana mpya mijini: shughuli ndogo ya nyumbani ya kuziba pengo la mshahara. Kwa familia nyingi za wafanyakazi mradi huo ulikuwa kuku wa kisasa, hamsini au mia, kwenye banda nyuma ya nyumba, na msimamizi wake mara nyingi alikuwa mama.

Kuku wa kisasa haokoti. Anakula pumba, mahindi yaliyoparazwa, mashudu, dagaa na chokaa, vyote vya kununua, na chakula hubeba kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Kuku mia wa mayai humaliza magunia 14 hadi 16 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza, linalopatikana karibu na wiki ya 20. Wengi waliofilisika walifilisikia katika miezi hiyo, kwa kuwa mtaji wote ulikwisha kwenye banda na vifaranga.

Wakishaanza kutaga, hesabu hugeuka kuwa ya gunia na trei. Kuku mia hula takribani kilo 12 kwa siku, hivyo gunia moja huisha kwa siku nne na kidogo. Wakitaga mayai 80 kwa siku, gunia hilo hurudisha trei 11. Wakishuka hadi mayai 50, hurudisha trei 7 tu, na ulaji wao haupungui kwa kiasi hicho. Mfugaji aliyeandika mayai ya kila siku aliujua mapema wakati wa kuwauza kuku waliochoka. Asiyeandika aliwalisha miezi mingi zaidi kwa sababu trei bado zilikuwa zinatoka. Madaftari mengi ya wakati huo yaliandika chakula na dawa, yakaacha mkaa wa kuwapasha vifaranga joto, maranda, kuku waliokufa na saa za mama bandani. Faida iliyoonekana ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ujira wake ambao haukulipwa.

Hofu ya mafua ya ndege iliongeza gharama nyingine. Mwaka 2006 Tanzania ilipiga marufuku vifaranga kutoka nje, na mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa Namanga. Kwa mfugaji mdogo, kupata kifaranga kwa wakati kukawa sehemu ya mpango wa biashara sawa na chakula.

Wakati huohuo kuku wa kijijini naye aliingia hesabuni. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayostahimili joto na kutolewa kwa tone la jicho kila miezi mitatu au minne, ilitengenezwa pia Temeke, Dar es Salaam, na kuifanya hasara ya mdondo izuilike kwa fedha kidogo. Katika miaka ya 2010 zikaja Kuroiler na Sasso, mbegu zinazoweza kujitafutia. Pamoja nazo ilikua kazi ya walezi: hupokea vifaranga wa siku moja, huwachanja na kuwalea takribani mwezi mzima, kisha huwauza kwa wanakijiji. Bei ya kifaranga wa mwezi mmoja imejumuisha chakula, mkaa, chanjo, vifo, na ujira wa mlezi, kwa kazi ileile iliyofanywa zamani kwa tenga uani.