Wakimbizi wa Muda Mrefu na Amana ya Elimu: Khabari ya Wazigua wa Gosha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, likitajwa neno mkimbizi, fikra zetu mara nyingi humwendea mtu aliyefika jana na mzigo kichwani, anayehitaji chakula na turubai. Lakini wapo waliokaa ugenini miaka 20, miaka 30, hata vizazi kadhaa. Hawa hawahitaji unga peke yake. Wanahitaji kujulikana ni nani, wametoka wapi na wanastahiki nini. Hapo ndipo inapoingia kazi ya watafiti, yaani wanaouliza, wanaoandika na wanaochapisha. Nasi tunauliza: elimu inayokusanywa kwa watu hao ni amana ya nani? Lipi katika hiyo ni wajibu kulitangaza, na lipi haifai kulitoa?

Tutalijibu swali hili kwa historia ya jirani zetu. Sisi tunaoandika haya tuko Mkuza, Kibaha. Mwenye kutoka hapa akashika barabara ya Morogoro hadi Chalinze, kisha akaelekea kaskazini, ataingia katika nchi ya Wazigua na kufika Handeni. Huko, mahali panapoitwa Chogo, wako watu waliorudi katika ardhi ya mababu zao baada ya zaidi ya miaka 150, na walirudi kwa jina la wakimbizi.

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA SIRA

Ukimbizi wa muda mrefu si jambo geni kwetu. Mwaka 615, sawa na mwaka wa tano wa Utume, Waislamu wa mwanzo walikimbilia Habasha. Wako waliorejea mapema, lakini Ja'far bin Abi Talib (R.A.) na wenzake walibaki huko hadi mwaka wa 7 Hijria (628), ulipofunguliwa mji wa Khaybar. Ni takriban miaka 13. Watoto walizaliwa huko, akiwemo Abdullah bin Ja'far.

Tumejuaje khabari zao? Sehemu kubwa ya yaliyopita katika baraza la Najashi imetufikia kwa Ummu Salama (R.A.), ambaye alikuwa mmoja wa wakimbizi wenyewe, na Ibn Is-haq akaipokea kwa isnad. Basi mpokezi wa historia ya ukimbizi alikuwa mkimbizi, tena mwanamke, na jina lake limebaki juu ya riwaya yake mpaka leo.

Ipo na khabari nyingine, wameipokea Bukhari na Muslim. Waliporejea watu wa Habasha, Umar (R.A.) alimwambia Asmaa bint Umays (R.A.) kwamba wao wa Madina wamewatangulia katika Hijra na wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alikasirika. Akaapa kuwa hatakula wala hatakunywa mpaka amfikishie Mtume (S.A.W.) maneno hayo, bila kusema uongo wala kuongeza. Mtume akahukumu kuwa Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili. Tangu hapo watu wa jahazi wakawa wanamjia Asmaa makundi kwa makundi kumwuliza hadithi hiyo, na Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alikuwa akimtaka airudie tena.

Hapa pana mambo matatu. Mkimbizi alisikilizwa katika shauri linalomhusu. Maneno yalifikishwa bila nyongeza. Na hukumu iliyotoka haikuishia kwa wakubwa, bali iliwarudia wenyewe, kundi baada ya kundi, wakaifurahia. Tuyashike haya matatu, kisha tuwatazame Wazigua.

KUTOKA UZIGUA HADI MTO JUBA

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga Uzigua. Watu walikufa kwa njaa, na wengine wakajitoa wenyewe au kuwatoa watoto wao ili wapate chakula. Wafanyabiashara wa pwani waliitumia dhiki hiyo. Masimulizi ya wenyewe yanasema kuwa mababu zao waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa majahazini, kisha wakajikuta Barawa, Marka na Muqdisho, wakiuzwa kuwa watumwa wa mashamba.

Ndugu zangu, jambo hili tusilifunike. Wengi wa waliouza na walionunua walikuwa Waislamu. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, aliyemwuza mtu huru akala thamani yake ametajwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Na kanuni ya mafaqihi ni kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Kwa hiyo kumhadaa mwenye njaa na kumwuza hakukuwa na mlango wowote wa sharia, hata kama aliyefanya hivyo alivaa kilemba.

Masimulizi hayo yanamtaja mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, kwamba ndiye aliyewaongoza watumwa kutoroka wakikusudia kurudi kwao. Hawakufika. Walikaa kando ya mto Juba, katika nchi ya misitu iliyokuja kuitwa Gosha, wakalima. Wakajiunga nao watoro wengine wenye asili ya Kiyao, Kimakua, Kinyasa na Kingindo. Mwishoni mwa karne ya 19 alijitokeza kati yao kiongozi Nassib Bundo, naye aliwahi kuwa mtumwa. Waitaliano walipoitawala nchi walimtia gerezani, na humo akafariki.

Uislamu ulienea Gosha kwa nguvu zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, na tariqa zilikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Wenzetu wa Qadiriyya wanamjua Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyeuawa mwaka 1909. Daawa yake ilifika Zanzibar na pwani yetu hii, na kule Somalia iliwavuta wengi waliokuwa wamedharauliwa kwa nasaba zao. Pamoja na hayo, dharau haikuisha. Walisali safu moja na majirani zao, lakini katika ndoa na katika mali waliendelea kuitwa wana wa watumwa. Nao Wazigua wa Juba ya chini hawakuiacha Kizigua. Waliendelea kuisema nyumbani, na Wasomali wakawaita Mushunguli, neno lililotokana na jina lao lile lile la asili.

VITA VYA 1991 NA SAFARI YA PILI

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Makundi yenye silaha yalipigana katika bonde la Juba, yakapora nafaka na kuua. Wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Wengi walikimbilia Kenya na kuwekwa katika kambi za Dadaab. Wengine waliendelea hadi Tanzania, wakapokewa Mkuyu, Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wapewe ardhi ya kulima. Walikuwa takriban 3,000, na wako kati yao waliopewa uraia wa Tanzania.

Waliobaki Dadaab nao waliomba kuja Tanzania, lakini nchi yetu wakati huo ilikuwa imelemewa na wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994. Msumbiji ilifikiriwa, nako hakukufanikiwa. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000. Mwaka 2002 walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma ili wahojiwe, kisha wakasafirishwa.

WALIOANDIKA KHABARI ZAO

Hapa ndipo tunapofika penye swali letu. Kabla ya vita, watu wachache walikuwa wamekwishaandika habari za Gosha. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha mwaka 1953 utafiti juu ya Wabantu wa Juba kwa mujibu wa masimulizi ya Wazigua. Lee Cassanelli aliandika mwaka 1987 juu ya jamii hizo za watumwa walioachwa huru au kutoroka. Francesca Declich na Catherine Besteman walikwenda vijijini katika miaka ya 1980 wakakaa na wenyeji. Vita vilipowatawanya wenyeji na wazee wakafa, maandiko hayo yakawa miongoni mwa machache yaliyobaki kuthibitisha kuwa watu hawa walikuwapo, wana asili yao na wamedhulumiwa.

Hiyo ni faida kubwa wala hatuikatai. Lakini elimu hiyo iliandikwa kwa Kitaliano na Kiingereza. Mzee wa Gosha aliyeisimulia hakuweza kuisoma, wala mjukuu wake hakuweza kuishika mkononi alipoulizwa na afisa kuwa yeye ni nani.

Na kuna jambo la pili. Katika miaka ya 1990 mashirika yaliwakusanya watu hawa wa asili mbalimbali chini ya jina moja, Wabantu wa Kisomali, na jina hilo likawa mlango wa kupata hifadhi. Aliyeandikwa katika orodha alisafiri, asiyeandikwa alibaki. Wako waliojaribu kununua nafasi za wengine, na kwa hiyo watu wakahojiwa tena na tena. Kwa kuwa sheria ya Marekani haitambui ndoa ya wake wengi, nyumba za namna hiyo zililazimika kusajiliwa kama familia mbalimbali. Basi neno moja linaloandikwa na mtafiti au karani laweza kumweka mtoto na baba yake au kumtenga naye.

Besteman alikutana tena na watu wa kijiji cha Banta, alikokaa mwaka 1987 na 1988, katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, mwaka 2006. Picha zilizopigwa kijijini kabla ya vita ziliwafikia wenyewe, wakaziona nyuso za jamaa zao, wakiwemo waliokwisha kufariki. Kitabu chake cha mwaka 2016 kinaeleza safari yao hiyo. Sisi tunaona kuwa tendo la kurudisha picha lina uzito kuliko kurasa nyingi zilizochapishwa. Ni mfano wa watu wa jahazi kurudishiwa khabari inayowahusu.

Hesabu nazo zina hukumu zake. Mwaka 2004 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliweka kipimo cha ukimbizi wa muda mrefu: watu 25,000 au zaidi waliokaa uhamishoni miaka mitano au zaidi. Kwa kipimo hicho watu 3,000 wa Chogo wasingeonekana. Kinyume chake, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walihesabiwa na kuulizwa mmoja mmoja mwaka 2007 kama wanataka kurudi au kubaki. Takriban 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Wengi walisubiri, lakini angalau waliulizwa, na jibu lao likajulikana.

HUKUMU YA ELIMU HII

Kwanza, kuthibitisha asili. Mafaqihi wa Kishafii, ambao ndio madhehebu ya pwani yetu, wamekubali ushahidi wa nasaba kwa istifadha, yaani khabari iliyoenea kwa watu wengi wasiodhaniwa kuafikiana juu ya uongo. Mtu asiye na cheti lakini ana lugha, jina la ukoo na wazee wanaomtambua, huyo si mtu asiye na dalili. Wazigua wa Gosha walikuja na dalili hizo zote. Anayesema hawana ushahidi kwa sababu hawana karatasi, fiqhi yetu haiko pamoja naye.

Pili, kutangaza. Aya ya 159 ya Surat Al-Baqara inawaonya vikali wanaoficha uongofu na ubainifu baada ya kubainishwa kwa watu. Wanazuoni wamechukua humo kuwa elimu ambayo watu wanaihitaji haifichwi. Utafiti unaothibitisha haki ya mnyonge ukafungiwa kabatini, au ukaandikwa kwa lugha asiyoijua mwenyewe na ukaishia hapo, umekaribia kufichwa.

Tatu, kusitiri. Katika Hijra ya Madina, Abu Jahl alimwuliza Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) aliko baba yake. Hakumwambia, akapigwa kofi, na siri ikabaki. Basi Asmaa mmoja alisifika kwa kufikisha, na Asmaa mwingine kwa kunyamaza, na wote wawili walikuwa katika haki. Majina ya waliokimbia, njia walizopita, aibu zilizowapata wanawake njiani, haya hayachapishwi pasipo idhini ya wenyewe, na hata kwa idhini hutazamwa madhara yake. Kanuni ni kuwa kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa.

Nne, kuhakikisha. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuchunguze khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hii inamhusu mtafiti, na inamhusu pia imamu anayesimama juu ya mimbari na kusema wakimbizi ni wezi.

WAJIBU WETU

Tusingoje watafiti watoke mbali. Wazee wa Kizigua wako jirani nasi, na hapa Kibaha na Kisarawe wapo wazee wa Kizaramo wenye khabari za njaa, za biashara ya watumwa na za kuhama. Kila madrasa inaweza kumpa mwanafunzi daftari akaandike: nani amesimulia, amepokea kwa nani, mwaka gani, na lipi amekataza lisitolewe. Hii ni elimu ya isnad tuliyoirithi. Nakala moja ibaki kwa msimulizi na jamaa zake, kwa lugha yao.

Na mkimbizi akihamia mtaani, imamu amwulize khabari zake kama Mtume (S.A.W.) alivyomsikiliza Asmaa. Wa Chogo waliuzwa kutoka pwani hii na watu wa dini yetu. Kuisema historia yao kwa ukweli, na kuwarudishia wenyewe, ni katika haki wanazotudai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kweli na atujaalie kuitekeleza amana. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.