Surfside: bili ilingoja, jengo halikungoja

Wasee, kama unaota kununua fleti siku moja, jua hii historia.

Champlain Towers South lilikuwa jengo la ghorofa 12 kando ya bahari huko Surfside, Florida, Marekani. Lilikamilika 1981. Kila mtu alikuwa na nyumba yake, lakini nguzo, paa na sakafu ya bwawa la kuogelea vilikuwa vya wote. Na unajua cha wote huwa hakina mwenyewe.

2018 injinia akawaandikia: maji yanakwama kwenye sakafu ya bwawa, na zege la chini linaharibika. Kurekebisha? Zaidi ya dola milioni 9. Vikao vikawa ugomvi, na 2019 wanakamati wengi wakajiuzulu. Kufikia 2021 bili ilikuwa milioni 15. Juni 24 mwaka huo, usiku, kabla zege kurekebishwa, nusu ya jengo ikaporomoka. Watu 98 wakafa.

Zamani Miami-Dade ilidai ukaguzi jengo likifika miaka 40. Baada ya mkasa, sheria ya Florida ya 2022 ikashusha hadi 30, na wenye nyumba wakazuiwa kupiga kura ya kukwepa akiba ya ukarabati.

Kwetu Kenya, sheria ya 2020 inawapa wenye fleti shirika lao la kusimamia jengo. Kwa hivyo ile ada ya kila mwezi si ya soja na taka pekee. Kabla ulipe diposi, uliza: akiba ni ngapi? Injinia alikagua lini mara ya mwisho? Wakikosa jibu, hilo ndilo jibu.